Nyumba ya Mama Niliyoipima kwa Nje

Nilianza udalali wa nyumba kwa sababu sikuwa na la kufanya. Shirika la umma nililokuwa karani wa stoo lilipobinafsishwa, mwenye mali mpya alituita uwanjani, akasoma majina, na wale ambao hawakusomwa wakaambiwa warudi makwao. Mimi sikusomwa. Niliondoka na mafao ambayo hayakumaliza msimu mmoja wa kilimo, pamoja na barua yenye mhuri iliyonishukuru kwa utumishi mwema. Barua hiyo sijui ilipo. Nadhani mke wangu aliwashia moto.

Enzi za ruksa zilikuwa zimepita, soko huria limeingia, na Singida mjini kila mtu akawa anauza kitu: mitumba, redio, kuku, mafuta ya alizeti kwenye madumu. Waliouza chini walitaka maduka, wenye maduka wakataka maghala, na hapo ndipo ardhi iliyokuwa bure ikaanza kuwa na bei. Zamani mtu wa kwetu akitaka kujenga alikwenda kwa wenye eneo na mbuzi au na pombe, akaonyeshwa mahali. Nyumba haikuuzwa. Ungemuuzia nani nyumba, na wewe ukalale wapi?

Aliyenifundisha kazi ni mfanyabiashara mmoja wa mjini mwenye mashine ya kukamua alizeti. Alikuwa mtu wa swala tano. Babu zake walitoka pwani, wakaoa Unyamwezi, ndipo wakafika kwetu, kwa hiyo Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha sisi tuliokitafuta shuleni. "Kijana," aliniambia, "nyumba ni futi za mraba. Zidisha urefu kwa upana, zidisha kwa bei ya mtaa, ongeza barabara, ongeza maji. Mengine yote ni hadithi za mwenye nyumba." Nikanunua tepu ya chuma, ile inayojirudisha yenyewe kwenye kasha lake. Niliipenda kuliko saa yangu. Baada ya miaka miwili nilikuwa naitaja bei ya nyumba yoyote ya mtaa wa Mandewa bila kushuka kwenye baiskeli. Mwenye nyumba akianza kunieleza kwamba mti ule aliupanda marehemu, chumba hiki ndimo alimozaliwa kifungua mimba, mimi nilikuwa naangalia saa. Nilikuwa hodari wa kazi yangu na nilikuwa mpumbavu, na hao wawili walivaa suruali moja.

Mama yangu alikuwa anaishi hapo hapo Mandewa, upande ambao zamani ulikuwa mashamba ya uwele tu. Nyumba yake ilikuwa tembe: nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa nalo la udongo, mlango wa kuinama, dirisha hakuna ila matundu ya kupitisha ngumi. Baba alimjengea walipooana. Baba akafa, dada zangu wakafa mmoja baada ya mwingine, nikabaki mimi peke yangu na mama akabaki na tembe. Kwetu mjane mwenye nyumba yake ana jiko lake, ana kuku wake, na ana mlango wa kumfungulia amtakaye. Mjane anayekaa kwa mkwe anakula anachopewa, saa anayopewa. Hilo nililijua tangu utoto, ila sikulifikiria.

Ukitoka juani ukaingia kwenye tembe huoni kitu. Unasimama mlangoni umeduwaa kama mbuzi mgeni. Mama akisikia hodi alikuja mpaka kizingitini, akakushika mkono, akauminya kidogo, akakuongoza. "Inama. Mtungi huo kushoto. Haya, kigoda hiki, kaa." Kila aliyeingia mle, awe mchungaji, awe mwenyekiti wa mtaa, aliingia akiongozwa na mama. Ukishakaa kidogo ndipo ulianza kuona mafiga, kihenge cha uwele, na mwisho uso wake. Hakuna aliyeona ajabu. Matembe yote ndivyo yalivyo.

Miaka ile ya mwisho alikuwa mkali. Kigoda kikisogezwa shubiri moja alipandisha sauti. Mwiko ulikuwa na mahali pake, chumvi ilikuwa na mahali pake, kisu kilichomekwa kwenye ufa ule ule wa ukuta. Siku moja mke wangu alikwenda kumfagilia, akampangia vyombo vizuri kwa upendo kabisa, akafukuzwa kwa maneno ambayo mengine hakunitajia. Nikamwambia, uzee huo, mvumilie. Tukacheka.

Macho yalikuwa yanamsumbua siku nyingi, lakini nani kwetu hayamsumbui? Vumbi, moshi, nzi, na maji ya shida. Ugonjwa wa vikope ukimshika mtu, kope zinageukia ndani na kukwaruza jicho, na wanawake wa rika la mama walikuwa wakikaa wawili wawili juani, huyu akimng'oa yule kope kwa kibano, huku wakisengenya. Tuliuhesabu kama mvi. Wenzake walipokwisha kufa, mama akawa anakaa mwenyewe na kibano chake, akizitafuta kope kwa ncha ya kidole. Nilimwona hivyo mara nyingi. Nilichowaza ni kwamba mama yangu hapendi kusumbua watu.

Basi yule mfanyabiashara akataka mahali pa kujenga ghala la alizeti, pawe kando ya barabara. Hakuwa amemaliza kusema, nami nilikwisha kufika kwa mama moyoni. Bei aliyoitaja ilikuwa nzuri. Nisijisafishe sana, lakini haikuwa tamaa peke yake. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimeangusha pembe moja ya paa, na watu walikuwa wananicheka: dalali anauza nyumba za bati, mama yake analala chini ya udongo. Nilitaka kumjengea nyumba. Nilitaka pia pikipiki. Kwa bei ile vyote viwili viliwezekana.

Nilikwenda kupima asubuhi. Nikachomeka ncha ya tepu kwenye ufa, nikaivuta. Mama akatoka, akawa ananifuata polepole, kiganja chake ukutani.

"Baba, unapima nini?"

"Nyumba, mama."

"Ukishaipima itaongezeka?"

Nikacheka. Nikaandika urefu, nikaandika upana, nikaandika hatua za kwenda barabarani. Ndani sikuingia, maana ndani hakukuwa na cha kupima. Kwenye daftari niliandika: tembe, halina thamani, kiwanja tu.

Nilipomweleza, alisema hapo hatoki. Nikakaa naye mchana kutwa. Nilimwambia nitamjengea nyumba ya tofali, nyuma ya kwangu, uwanja mmoja, bati juu, sakafu ya saruji, na kila chumba madirisha mawili makubwa ya vioo. "Utakaa kwenye mwanga, mama, kama watu."

"Mwanga wa nini? Mimi nina kazi gani na mwanga?"

Nilidhani ni utani wake. Nikamwambia, basi nipe sababu moja. Sababu moja tu ya maana, na mimi leo hii nitamwambia mnunuzi aende zake. Wallahi nilikuwa namaanisha, au nilidhani namaanisha. Mama alifungua mdomo. Nakumbuka wazi kwamba aliufungua. Halafu akaufunga, akaniuliza kama nimekula.

Kiwanja kilikuwa na jina langu, kwa kuwa serikali ilipopima viwanja mimi ndiye niliyekwenda ofisini. Nikatia sahihi.

Nyumba mpya ilisimama haraka, nami nilisimamia kila tofali. Siku ya kuhamia majirani walikuja, mama akavaa kitenge kipya, nikamshika mkono nikamzungusha kama ninavyowazungusha wateja. Hii sebule. Hiki chumba chako. Hiki cha wageni wako. Angalia dari, mama. Mama akainua uso akaielekea dari. "Ni nzuri," akasema. Watu wakapiga vigelegele. Nilikuwa nimevimba kichwa siku ile, sijui kofia ingenitosha.

Baada ya hapo mama hakutoka chumbani. Siku tatu, nne, alikaa kitandani, mikono juu ya magoti. Nilimwekea jiko zuri nje, hakulikaribia. Aliyekuwa anasonga ugali wa uwele usio na donge hata moja akawa anangoja sahani ya mke wangu. Alivunja kikombe, akavunja chupa ya chai, akapindua kibatari. Wiki ya pili mke wangu alinikuta njiani, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba mama anajisaidia kwenye ndoo, humo humo chumbani.

Nilimfokea mama yangu. Ningependa kusema nilimwuliza kwa upole, lakini nilimfokea, milango wazi, majirani wanasikia. Nilimwambia nimetoa jasho kumjengea nyumba ya watu na yeye anaigeuza zizi. Nilimwambia ananilipiza kisasi kwa sababu ya tembe. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Nisamehe baba," akasema. "Nitazoea."

Siku chache baadaye nilirudi nyumbani adhuhuri kuchukua daftari, nikapitia kwake. Nilivua viatu mlangoni kwa sababu ya ile sakafu, niliyokuwa nikiionea fahari, kwa hiyo hakunisikia. Jua lilikuwa limeingia chumbani mpaka kwenye shuka. Mama alikuwa amesimama mbele ya dirisha, viganja vyote viwili kwenye kioo, akivitelezesha juu, chini, kulia, akitafuta kitasa. Alidhani ni mlango. Pazia alikuwa amekwisha kuling'oa, liko miguuni pake. Mlango wenyewe ulikuwa wazi nyuma yake na mimi nimesimama hapo.

Ubao wa mlango ukalia. Akageuka.

"Nani?"

Tulikuwa tumetazamana, hatua tatu, kwenye mwanga ule ule niliomwahidi.

"Nani huyo? We mtu, sema."

Aliogopa. Katika maisha yangu yote sikuwahi kusikia woga kwenye sauti ya mama yangu. Nikaenda nikamshika mkono. Akauminya kidogo, kama alivyowaminya wote waliopita kizingitini kwake, na hapo ndipo nilipoelewa alichokuwa anafanya miaka yote ile. Alikuwa anatutambua kwa mikono.

"Ni wewe baba," akasema. "Mbona unanitisha?"

Nilimpeleka hospitali. Daktari wa macho alimwangalia kwa tochi, akaniita pembeni. Kope zilikuwa zimemkwaruza mpaka jicho lote likawa kovu, la kushoto siku nyingi, la kulia kwa kukadiria miaka minne. Angeletwa mapema wangemgeuza kope kwa upasuaji mdogo tu. Sasa hakuna cha kurudisha. Akaniuliza mama anaishi na nani. Nikamwambia mpaka juzi alikuwa anaishi peke yake. Akaniuliza mara ya pili, akidhani sijaelewa swali.

Miaka minne. Miaka minne mama yangu alitwanga uwele, alipika mlenda usioshika chini, alifungia kuku kwa kuwahesabu kwa kiganja, alikwenda chooni akifuata kamba ya kuanikia nguo na akarudi nayo. Mimi nilikuwa nakaa kwenye kigoda nikila chakula chake na kumsimulia bei za nyumba za watu. Katika giza lile yeye ndiye aliyekuwa na macho. Nilimtoa pale alipokuwa anaona, nikamweka kwenye vioo, akawa kipofu. Sina namna nyingine ya kulisema.

Nilikwenda kwa yule mfanyabiashara nikiwa sijui hata nitamwambia nini. Aliniweka kivulini, akaniagizia maji ya kunywa. Nilimweleza yote. "Ungeniambia ningejenga kwingine," alisema. "Ghala linakaa popote. Mimi niliamini daftari lako." Akanichukua kunionyesha. Tembe lilikuwa limeangushwa kwa nusu siku, boriti zikauzwa kuni, na mahali pake palikuwa na saruji na magunia ya alizeti yamepangwa mpaka karibu na bati la paa. Nilitafuta kwa macho mahali palipokuwa mlango nikashindwa kupapata, mimi niliyezaliwa pale.

Nikasema nitalijenga upya. Nilimpata fundi mzee kutoka njia ya Ikungi, maana vijana wa mjini hawajui tena kujenga tembe na hawataki kujua. Aliniomba vipimo. Nikafungua daftari langu. Urefu wa nje upo, upana wa nje upo, hatua za kwenda barabarani zipo. Kutoka kitandani mpaka mafigani ni hatua ngapi? Kizingiti kinafika wapi mguuni? Kihenge kiko umbali gani na mtungi? Mpima nyumba mzima sikuwa nimeandika hata kimoja. Wateja huwa nawachekesha kwa methali, nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, nikimaanisha wapeleke macho kwenye nyufa. Hakuna methali inayomwonya mtu kwamba hata wema wa nyumba anaweza asiujue, tena nyumba aliyolala ndani utoto wake wote.

Nikamwuliza mama. Akafikiri, akatikisa kichwa.

"Sijui baba. Mimi nilikuwa nakwenda tu."

Akasimama uwanjani, akajaribu. Alipiga hatua mbili, ya tatu akaisita, mikono mbele, akageuza uso huku na huku kama anayesikiliza. Miguu yake ilikuwa haina kitu cha kukumbuka hapo. Nilimrudisha ndani kabla mke wangu hajatoka.

Fundi alijenga chumba kimoja kwa kubahatisha. Tulimwingiza mama asubuhi. Aliinama vizuri, akaingia, akapeleka mkono kushoto ulipopaswa kuwa mtungi, akashika hewa. Akasogea, akajigonga bega ukutani. Akasimama hapo kwa muda. Halafu akaniambia nimtoe, na nisiendelee kuwasumbua watu na kazi zao. Chumba kile tulifugia kuku.

Aliishi miaka miwili zaidi. Mke wangu alimtunza, siwezi kumsemea ubaya. Alimwosha, alimlisha, alimtoa nje kuota jua na kumrudisha. Lakini mama yangu akawa mtu wa kuomba. Aliomba maji, aliomba kupelekwa, aliomba kugeuzwa, na kila alipoomba alianza na samahani. Sauti yake ilipungua mpaka ukawa humsikii ukiwa chumba cha pili. Watu waliokuja kumjulia hali waliitazama nyumba kwanza, wakanipongeza. Mmoja alisema laiti watoto wote wangekuwa kama mimi. Niliitikia asante. Udalali sikuuacha. Natamani ningeweza kuandika kwamba niliuacha, lakini watoto walikuwa wanataka ada, na kazi nyingine sikuwa nayo.

Kulikuwa na swali moja ambalo nililizunguka miezi mingi. Alasiri moja, miezi michache kabla hajafa, nilimkuta amekaa mkekani mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia, nikakaa karibu naye. Nikamwuliza mbona hakuniambia. Siku ile niliyomwomba sababu moja, mbona hakuisema?

Hakukasirika. Alivuta mguu akaukunja chini yake.

"Nilikuwa nayo mdomoni," alisema. "Halafu nikawaza, huyu nikimwambia sioni, atanihamishia kwa mkewe leo leo. Ataona aibu kuniacha. Nikaona afadhali ninyamaze, huenda mkashindwana bei. Nilimwomba Mungu mshindwane bei."

Kuku walikuwa wanaparua uwanjani.

"Na wewe sasa niambie kweli, baba. Ningekwambia, ungeniacha pale?"

Nilitaka kusema ndiyo. Lakini nilimjua yule mtu wa tepu na daftari, namjua kuliko ninavyomjua mtu mwingine yeyote. Angemtoa siku ile ile, vyombo vyake kwenye mkokoteni, na njia nzima angewaeleza watu jinsi anavyomjali mama yake kipofu. Angeuza hata kwa bei ya chini.

Nikatikisa kichwa. Mama alikuwa bado amenigeuzia sikio, anasubiri nijibu.